Mtunzi na Santuri Zake

Mtunzi wa muziki akifa huacha karatasi. Aliyejaaliwa kuishi hadi zama za gramafoni huacha na jambo la pili, nalo ni ushahidi wa mkono wake mwenyewe. Edward Elgar, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1857 katika kijiji cha Broadheath karibu na mji wa Worcester, aliacha vyote viwili. Tangu mwaka 1914 hadi alipokaribia kufa mwaka 1934 aliingia mara nyingi katika vyumba vya kurekodia na kuongoza kazi zake mwenyewe. Kwa hiyo juu ya Elgar tunaweza kuuliza swali ambalo hatuwezi kuuliza juu ya Beethoven: je, wanaopiga muziki wake leo wanaupiga kama alivyoupiga yeye? Na kama sivyo, wamemkosea?

Kazi tatu zinatosha kulipima swali hilo. Simfoni ya Kwanza ilipigwa mara ya kwanza mjini Manchester tarehe 3 Desemba 1908, chini ya uongozi wa Hans Richter, na katika muda wa mwaka mmoja na ushei ilirudiwa takriban mara 100 katika nchi mbalimbali. Konseto ya fidla, yaani kazi ambamo mpiga fidla mmoja hujibizana na okestra nzima, ilifuata London tarehe 10 Novemba 1910. Fidla ilishikwa na Fritz Kreisler na Elgar mwenyewe akaongoza. Simfoni ya Pili, iliyotolewa kwa kumbukumbu ya Mfalme Edward VII, ilisikika tarehe 24 Mei 1911, nayo ilipokewa kwa ubaridi. Simfoni hiyo huishia taratibu, kama jua linalozama, na waliohudhuria walikuwa wamezoea vishindo.

Ushahidi wa kwanza wa santuri ni wa kusikitisha kidogo. Mwaka 1916 Elgar alirekodi konseto hiyo pamoja na mpiga fidla Marie Hall. Siku hizo hapakuwa na maikrofoni. Wanamuziki walibanana mbele ya pembe kubwa, na upande mmoja wa sahani ulibeba dakika zipatazo nne tu. Kazi ya dakika arubaini na zaidi ikapunguzwa ikaenea katika pande nne. Aliyeikata ni mtunzi mwenyewe, tena akaongeza kinubi mahali ambapo okestra inanong'ona, kwa sababu pembe isingeunasa mnong'ono ule. Wasomaji wa pwani yetu wataielewa hali hiyo bila taabu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, aliwarekodia HMV, kampuni ileile ya Elgar, na wimbo ambao ukumbini uliweza kuendelea kadiri hadhira ilivyopenda ulilazimika kuufuata upana wa sahani.

Maikrofoni zilipoingia mwaka 1925 mambo yakabadilika. Elgar akairekodi Simfoni ya Pili mwaka 1927, ya Kwanza mwaka 1930, na konseto nzima mwaka 1932, zote na London Symphony Orchestra. Rekodi hizi tatu ndizo zinazozua mjadala mpaka leo.

Mtu aliyezoea rekodi za baadaye akizisikia simfoni hizi mbili chini ya mkono wa Elgar, hushtuka kwanza kwa mwendo. Simfoni ya Kwanza haifiki dakika 48. John Barbirolli, aliyempenda Elgar kwa dhati, aliirekodi mwaka 1962 kwa zaidi ya dakika 50. Elgar anaimaliza ya Pili kabla ya dakika 50. Giuseppe Sinopoli, katika rekodi yake ya miaka ya 1980, anapita dakika 60. Lakini saa peke yake haisemi yote. Elgar hatulii. Anakimbia, anasita, anasukuma tena, na nyuzi za okestra zinateleza kutoka noti hadi noti kama sauti ya mtu anayejizuia asilie. Kwa Barbirolli nasikia mzee anayekumbuka. Kwa Elgar mwenyewe, aliyekuwa na miaka ipatayo 70, nasikia mtu ambaye jambo bado linamuuma.

Wapo wanaosema kwamba aliharakishwa na sahani: dakika nne zikikaribia kwisha, lazima ukimbie. Hoja hiyo ina nguvu kwa rekodi ya mwaka 1916, ila kwa hizi za baadaye inalegea. Kazi iliweza kugawanywa katika pande nyingi kadiri ilivyohitajika. Zaidi ya hayo, alama za mwendo alizochapisha Elgar katika karatasi zake, miaka mingi kabla ya rekodi hizi, zenyewe ni za haraka. Karatasi na santuri, kwa jumla, zinashuhudia jambo moja.

Basi ule uzito ulitoka wapi? Mimi naona ulitoka kwa wasikilizaji. Baada ya vita viwili vikuu na kuvunjika kwa himaya yao, Waingereza wengi walimgeuza Elgar kuwa mnara wa enzi iliyopita, na mnara hauchezi. Sisi tuliotawaliwa nao tulimpokea kwa sura hiyohiyo, kwa maandamano yake ya fahari. Yule mtu mwenye wasiwasi anayesikika katika santuri za mwaka 1927 na 1930 hatukutambulishwa kwake. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na ngoma hii ilivutiwa kuelekea makaburini.

Hata hivyo, anayetaka kuugeuza ushahidi wa Elgar uwe sheria, konseto ya fidla inamkatalia. Mwaka 1929 Albert Sammons aliirekodi nzima pamoja na Henry Wood kwa dakika kama 43. Upigaji wake umenyooka, hauna madaha, na wengi hadi leo hawaoni uliouzidi. Jascha Heifetz naye, pamoja na Malcolm Sargent mwaka 1949, alitumia muda unaokaribiana na huo. Lakini Julai 1932, katika studio mpya ya Abbey Road, Elgar aliiongoza kazi hiyohiyo na Yehudi Menuhin, kijana wa miaka 16, na ikachukua karibu dakika 50. Mzee wa miaka 75, ambaye simfoni zake hakuzipa nafasi ya kupumua ovyo, alimwachia kijana afungue moyo wake kila alipotaka. Mwendo wake, kumbe, ulitegemea alikuwa na nani. Na Kreisler, ambaye konseto ilitungwa kwa ajili yake, hakuirekodi kamwe. Shahidi huyo hatutamsikia.

Kwa hiyo santuri ya mtunzi ni ushahidi, nao una matumizi ya aina mbili. Adrian Boult alikuwa shahidi mwenyewe: aliiongoza Simfoni ya Pili London mwaka 1920, Elgar akiwepo, kisha akairekodi mara kadhaa, kuanzia mwaka 1944 mjini Bedford wakati wa vita hadi miaka ya 1970. Yeye alikumbuka. Georg Solti, mzaliwa wa Hungaria, hakuwa na la kukumbuka, akazisikiliza rekodi za Elgar kwa makini kabla ya kuzirekodi simfoni hizo mwaka 1972 na 1975. Moto uliosikika kwake uliwashangaza waliodhani kwamba mgeni ndiye aliyeuleta, ilhali aliukuta katika santuri za zamani.

Hapo ndipo ninapoona haki ilipo. Anayepiga polepole hamkosei Elgar kwa kupiga polepole. Nigel Kennedy, aliyesoma katika shule iliyoanzishwa na Menuhin, aliirekodi konseto mwaka 1984 kwa dakika zaidi ya 50, nami nisingependa kuikosa. Kosa ni kusema kwamba upole ule ndio Elgar, ilhali sauti yake ipo na inasema vinginevyo. Karatasi inaruhusu mengi, na santuri haifuti hata moja kati ya hayo. Inachofanya ni kumrudisha mtu mwenyewe katika mazungumzo juu ya kazi yake, pamoja na haraka zake, mashaka yake, na upendo wake kwa kijana mwenye fidla. Msomaji anayeanza leo namshauri aanze na rekodi za Elgar, pamoja na mikwaruzo yake yote, kisha awasikilize wengine. Akianza na wengine, huenda akamkuta Elgar mwenyewe ndiye mgeni.