Moto wa umeme Morogoro, mji kasoro bahari

Mwaka 1914 meli nzima ilipita Morogoro ikiwa ndani ya mabehewa. Ilikuwa Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Kutoka Dar es Salaam ilipandishwa reli hadi Kigoma, na huko ikaungwa upya kwa ribiti: kipande cha chuma kinapashwa moto hadi kiwe chekundu, kinapenyezwa kwenye matundu ya mabamba mawili, kisha kinagongwa kichwa upande wa pili. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Ndiyo MV Liemba ya Ziwa Tanganyika.

Kazi ya chuma ilikuwapo Morogoro kabla ya reli hiyo kufika mjini mwaka 1907. Dakawa, karibu na Mto Wami, watafiti wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa mfua chuma wa kale, kuunga vipande viwili kulitaka mkaa, mivukuto na nyundo.

Njia ya kuunga chuma kwa umeme, yaani kuchomelea, ilizaliwa Ulaya. Mwaka 1881 Nikolai Benardos, akishirikiana na Stanisław Olszewski, alitumia kijiti cha kaboni kuwasha moto wa umeme unaoyeyusha chuma. Mwaka 1888 Nikolai Slavyanov akaweka kijiti cha chuma mahali pa kaboni, kikawa kinayeyuka na kujaza kiungo. Kasoro ilibaki moja: hewa iliingia katika chuma kilichoyeyuka, kikipoa kinakuwa dhaifu na chepesi kuvunjika. Oscar Kjellberg wa Sweden, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mjini Gothenburg mwaka 1904, ndiye aliyekivika kijiti ganda la dawa. Ganda likiungua hutoa moshi na gesi vinavyoifukuza hewa, na juu ya kiungo huacha ukoko ambao fundi huubandua kwa kinyundo. Vijiti vya geji 10 na geji 12 vinavyouzwa leo madukani kwetu vinatokana na ugunduzi huo. Lakini moshi huohuo unaolinda chuma ndio unaoingia mapafuni mwa fundi.

Mashine ya kuchomelea hufuata umeme, na umeme wa uhakika Morogoro una tarehe zake. Kituo cha Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, kilianza kuzalisha mwaka 1975, na kilipokamilika mwaka 1980 kilikuwa na uwezo wa megawati 204. Nyaya zake kuelekea Dar es Salaam zikapita Morogoro. Miaka hiyo reli ya TAZARA nayo ilikuwa ikijengwa, na Wachina waliweka karakana Mang'ula, bonde la Kilombero. Mjini vikainuka viwanda vya ngozi, turubai na viatu. Kile cha viatu kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, kiwango ambacho hakikukikaribia hata kidogo, na mwaka 1990 kikafungwa.

Viwanda vilipofungwa au kuuzwa, mafundi wake hawakukunja mikono. Ujuzi ulihamia vibarazani na kando ya barabara, kwenye mageti, madirisha ya nondo, matoroli na vitanda vya chuma. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, zimefundisha wengi, lakini wengi zaidi wamejifunza kwa kumtazama fundi mkuu. Kwa maoni yangu hapo ndipo hasara ilipoingia: ufundi ulitoka nje ya geti la kiwanda, kinga zikabaki ndani. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, na ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iliyochukua nafasi yake, zimejulikana ofisini kuliko kibarazani.

Tazama kijana anavyoanza kazi. Amevaa ndala na miwani ya jua. Waya wa ethi ameuegesha juu ya chuma chenye rangi na kutu, kijiti kinanatananata, naye anaongeza ampea. Dawa ya hapo ni kukwangua chuma king'ae, kisha kubana ethi kwenye kazi yenyewe, karibu na kiungo. Kijiti cha geji 12 hutosheka na ampea 60 hadi 90. Mashine iliyowashwa, hata isipochomelea, inaweza kuwa na volti 50 hadi 80 kwenye kishikio, na mwili uliolowa huupitisha umeme huo kwa urahisi. Kwa hiyo kule Kinole au Matombo, ambako mvua za milima ya Uluguru hazina msimu mrefu wa kupumzika, viatu vikavu na glavu kavu za ngozi ni suala la uhai. Kioo cha ngao ya uso kiwe giza namba 10 au 11. Aliyetazama mwanga huo kwa macho matupu halali usiku. Macho humwasha kana kwamba yametiwa mchanga, na maziwa anayotiliwa hayatibu.

Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitika. Bomba lililopakwa zinki likichomelewa chumbani humletea fundi homa jioni ileile. Kuhusu matangi na mapipa ya mafuta, Morogoro haihitaji kukumbushwa nguvu ya mvuke wa petroli: moto wa lori la petroli eneo la Msamvu, Agosti 10, 2019, uliua watu zaidi ya 100. Pipa linaloonekana tupu lisiguswe na cheche.

Siku hizi mashine ndogo ya inveta hufungwa kwenye bodaboda na kupandishwa hadi vijiji vya Mgeta, ambako fundi huenda akawa peke yake. Wewe unayepeleka geti lako kutengenezwa, muulize fundi ngao na glavu ziko wapi kabla ya kupatana bei, kubali bei inayozilipia, na mtoto uliyekuja naye msimamishe mbali, ageukie upande mwingine.