Ukiona Ghorofa Refu, Uliza Nani Alilipa

Wiki jana niliwauliza swali moja: kati ya majiji ya Kanada, ni gani iko na magorofa makali zaidi ukiyaona kwa mbali, yamepangana dhidi ya anga? Wasee, mlijibu. Toronto iliwaacha wengine mbali, Vancouver ikafuata, Montreal ikaokota wachache. Calgary ilipata kura moja tu, ya binamu yangu anayeishi huko.

Sina ubaya na Toronto. Shida ni sababu mlizotoa. Karibu wote mlisema, "Ni refu, bana." Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, lakini historia sijawahi kuiacha, na kuna kitu nimejifunza nikisoma usiku: ukiona ghorofa refu, uliza nani alilipa. Na ukiona mahali hakuna ghorofa refu, uliza nani alikataa. Hebu tujaribu hayo maswali na majiji manne.

Tuanze Montreal, juu huko ndiko pesa ilikuwa. Miaka ya hamsini, hilo ndilo lilikuwa jiji kubwa zaidi Kanada. Mabenki na makampuni ya bima yalikuwa na makao makuu pale. Mwaka 1962 wakafungua Place Ville Marie, jumba la mita 188 lenye umbo la msalaba. Lakini wenyeji wengi wa Quebec ni watu wa Kifaransa, na kwenye ofisi kubwa lugha ya mdosi ilikuwa Kiingereza. Fikiria uko kwenu kabisa, lakini ukitaka kupanda cheo lazima uongee lugha ya mwingine. Hiyo hasira ilikaa miaka mingi.

Halafu ikaja 1976. Shika huo mwaka, uko na mambo matatu. Julai, Montreal iliandaa Olimpiki, ile ambayo Kenya na nchi nyingi za Afrika zilisusia juu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imeenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Mnara wa ule uwanja, ule umeinama, haukuwa umeisha michezo ikianza. Uliisha 1987, na deni la uwanja likalipwa hadi 2006. Novemba, chama kilichotaka Quebec ijitenge, kikiongozwa na René Lévesque, kilishinda uchaguzi. Mwaka uliofuata kikapitisha Sheria 101: Kifaransa ndiyo lugha ya kazi, ya shule na ya mabango. Januari 1978, kampuni ya bima ya Sun Life ikatangaza inahamisha makao makuu kwenda Toronto. Haikuwa peke yake. Ukweli ni kwamba pesa ilikuwa imeanza kuhama kitambo, lakini sasa ilihama mchana, kila mtu akiona.

Jambo la tatu la 1976? Toronto ilifungua CN Tower. Mita 553, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakukuwa na mnara wala jengo linalosimama lenyewe duniani lililoupita. Ulijengwa na kampuni ya reli, Canadian National, kwenye ardhi ya reli. Na sababu yake inachekesha: magorofa mapya yalikuwa marefu hadi yakawa yanaharibu mawimbi ya televisheni, kwa hivyo wakahitaji kitu cha kuyapita yote. Vipande vya antena ya juu vilipandishwa na helikopta iliyobandikwa jina Olga.

Sasa angalia ghorofa lililo karibu, First Canadian Place, la 1975. Sakafu 72, mita 298. Unajua jina gani liko kule juu? Bank of Montreal. Benki inabeba jina la jiji moja, lakini jumba lake refu liko kwa mpinzani. Kama unataka historia ya Kanada kwa picha moja, ni hiyo.

Kwa hivyo ukisema Toronto imeshinda, sawa, imeshinda. Lakini sehemu ya huo urefu ni watu wa Montreal waliosema tumechoka kuongozwa kwa lugha isiyo yetu, na wenye pesa wakajibu kwa kufunga virago.

Na Montreal yenyewe haikuamua kufukuzana na Toronto angani. Katikati ya jiji kuna mlima, Mount Royal, mita kama 233 juu ya usawa wa bahari, na msalaba kileleni unaowaka usiku. Sheria ya jiji inasema hakuna jengo la kuupita. Kwa hivyo magorofa yao yanapanda, yanafika mahali, yanaheshimu. Wengi mnaona ufupi. Mimi naona watu waliokubaliana kuhusu kitu.

Vancouver nao walikuwa na milima ya kulinda. Mwaka 1989 baraza la jiji lilipitisha sheria ya kulinda njia za macho: ukisimama sehemu fulani, lazima uione milima ya kaskazini, kwa hivyo mwenye kujenga ajipange. Ndio maana magorofa yao mengi ni membamba, na kati yao kuna nafasi ya anga. Mwaka 2024 walilegeza baadhi ya hizo sheria juu nyumba hazitoshi.

Lakini kuna pengo lingine Vancouver ambalo halikuletwa na mlima. Miaka ya sitini jiji lilitaka kupitisha barabara kuu kwenye mitaa ya Strathcona na Chinatown. Wakaazi wakapiga kelele hadi mpango ukaangushwa. Ila kipande kimoja, daraja la juu, kilikuwa kimeshaanza. Kilifunguliwa 1972, na kikameza Hogan's Alley, mtaa wa watu weusi wa Vancouver. Nora Hendrix, nyanyake Jimi Hendrix, aliishi maeneo hayo na alisaidia kuanzisha kanisa lao. Barabara yenyewe haikuwahi kuisha. Mtaa ulikuwa umeisha. Hiyo huwezi kuiona kwenye picha ya anga, hata ukivuta karibu namna gani.

Nimalizie na Calgary, ile kura moja. Mwaka 1947 mafuta yalipatikana Leduc, karibu na Edmonton, lakini ofisi za mafuta zikajaa Calgary. Bei ikipanda, magorofa yanapanda. Mwaka 2012 likaisha The Bow, mita 236, limepinda kama upinde, lilijengwa kwa ajili ya kampuni ya Encana. Bei ya mafuta ikaanguka kuanzia 2014. Mwaka 2019 Encana ikatangaza inabadilisha jina na kuhamia Marekani. Ghorofa halikuweza kuifuata. Kufika 2021, karibu thuluthi ya ofisi za katikati ya Calgary zilikuwa tupu, na jiji likaanza kuwalipa wenye majengo wageuze ofisi ziwe nyumba za watu.

Binamu yangu husafisha ofisi usiku kwenye moja ya hayo majumba. Alipofika alinitumia picha, taa zote zinawaka, nikaiweka kwa simu yangu miaka miwili. Kila mtu aliniuliza, "Hiyo ni wapi?" Nikajibu kwa maringo. Baadaye akaniambia sakafu mbili alizokuwa anasafisha zilihamwa, na masaa yake yakapunguzwa. Picha haikubadilika hata kidogo.

Nilimuuliza mbona bado aliipigia Calgary kura. Akasema, "Huko kwingine mnaangalia. Hapa najua ni taa gani niliizima mimi."

Kura yangu ni Montreal. Lakini leo usiniambie tu jiji unalopenda. Niambie nani alilipa, nani alihamishwa, na nani anazima taa.