Mafunzo ya upasuaji wa mtoto wa jicho

Mafunzo ya upasuaji wa mtoto wa jicho humwezesha daktari anayesomea ubingwa wa macho kuondoa lenzi iliyoingia ukungu na kupandikiza ya bandia. Afrika Mashariki hufundishwa sana njia ya mkato mdogo usioshonwa: kijia cha milimita 6 hadi 7 huchongwa kwenye weupe wa jicho, na kiini cha lenzi hutolewa kizima kupitia hapo. Ugumu wote uko kwenye kijia hicho. Kisu kikipita juujuu, paa lake hutoboka. Kikizama, huingia ndani ya jicho kabla ya wakati. Jambo hili mkono haulijui kwa kusimuliwa, ndiyo maana mwanafunzi huanza na macho ya mbuzi au ya bandia chini ya hadubini. Kumwanzisha moja kwa moja kwa mgonjwa, kama ilivyozoeleka zamani, hakukuwa haki kwa mgonjwa huyo. Jaribio la OLIMPICS, lililohusisha wanafunzi wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2021, lilionyesha kuwa waliopewa mazoezi makali ya kuigiza walipasua kwa ustadi zaidi. Baadaye, kwa mgonjwa, mwanafunzi hukabidhiwa hatua moja moja, mkufunzi akitazama kupitia hadubini hiyohiyo.