Reale ya Sham na Mwaka wa 1780

Wapo vijana wenzetu wanaopenda kukusanya sarafu za kale, na haichukui muda wataonyeshwa reale kubwa ya fedha yenye sura ya mama mnene, ushungi kichwani, na mwaka 1780. "Hii ina miaka mia mbili na ushei," muuzaji atasema. Hebu ngoja kidogo, ndugu msomaji, usitoe pesa kwanza.

Mama huyo ni Maria Theresa, aliyetawala Austria tangu 1740 mpaka alipofariki Novemba 1780. Ushungi ule ni wa ujane, maana mumewe alifariki 1765. Reale yake ina uzito wa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 833 ni fedha halisi. Ukingoni imezungushiwa maandishi, kwa hiyo mjanja akiikwangua inajulikana mara moja. Ndiyo maana wafanyabiashara wa Yemen, Uhabeshi na Oman waliiamini kuliko nyingine.

Sasa mama kafa, ifanyweje? Wakaendelea kupiga ileile, kwa mwaka uleule! Tena si Austria peke yake. Mussolini aliipiga Roma kuanzia 1935, mwaka alioivamia Uhabeshi. London, Paris, Brussels na Bombay nako ikapigwa. Hata herufi S.F., za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, zilinakiliwa. Basi mkusanyaji hodari hadanganyiki na mwaka. Anahesabu lulu za bizimu begani, anakagua manyoya ya mkia wa tai, anatazama ukingo.

Kwetu pwani wazee waliiita reale ya Sham, kuitofautisha na reale ya mzinga ya Wahispania. Sayyid Barghash alipotoa reale yake mwenyewe mwaka 1882, alikuta hiyo ya Sham imeshazoeleka Unguja zamani. Lakini tusiisifu tu. Ilinunua karafuu, ikanunua pembe za ndovu, na ikanunua watu, mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873.

Sisi tunaoota kuandika riwaya tunahitaji mashahidi kama huyu. Mwaka wake unaweza kusema uongo, ila safari yake ni kweli. Masonara wameyeyusha reale nyingi kuwa vikuku. Ukiikuta moja kwenye kasha la bibi, muulize kwanza aliipataje, na uandike jibu lake.