Embu Yatimiza Miaka 120, na Ndega Angali Akingoja

Mwaka huu wa 2026 mji wa Embu watimiza miaka 120 tangu Waingereza walipoufanya kituo cha serikali yao, na mtu aondokaye Karurumo asubuhi kwa matatu, akishuka kwanza Runyenjes, aweza kabla ya jua kuchwa kuziona tarikhi mbili katika safari moja: maporomoko ya Mbui Njeru na kichaka kitakatifu cha Mwenendega, ambako Waembu husema ndiko walikotokea, na kisha mji wenyewe, ulioasisiwa na mgeni mwenye bunduki.

Habari za miji ya Waingereza katika nyanda hizi ni fupi. Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, ilianzishwa 1900, Nyeri 1902, Embu 1906 baada ya askari wa King's African Rifles kuwashinda wazee wetu waliokataa kutawaliwa, na Meru 1908 alipofika Bwana Edward Horne.

Bali habari ya Ndega, mhenga wa Waembu mwenye kichaka hicho cha Mwenendega, yastahili kusimuliwa kwa taanusi. Wasimulizi hunena kwamba Mungu, Ngai, akaaye juu ya mlima wa Kirinyaga, alimjalia Ndega mke mwenye jamali isiyo kifani, aliyemkuta penye maji. Wengine humwita Ciurunji, wengine Nthara. Wakaneemeka kwa mifugo, wakazaa, na miongoni mwa wana wao walikuwamo Kembu na dada yake Werimba, ambao walipendana mapenzi yaliyoharamishwa, hata baba yao, kwa ghadhabu na fedheha, akawafukuza nyumbani. Na katika kizazi cha hao waliofukuzwa, yasema hikaya, ndimo walimotoka Waembu. Ni taifa gani jingine lililothubutu kuikiri aibu ya wazazi wake kwa uwazi kama huo, na kuirithisha kwa watoto?

Wanazuoni hawakuafikiana juu ya asili hiyo ya Waembu. Godfrey Muriuki, katika kitabu chake cha 1974 juu ya tarikhi ya Wakikuyu, awaleta wahenga wa makabila ya pande hizi za mlima kwa kuhama, wakipitia Igambang'ombe, hali mzee wa Runyenjes, ukimwambia kwamba babu zake walihamia, hukasirika kama aliyeambiwa kuwa shamba lake si lake. H. S. Kabeca Mwaniki, mwanatarikhi ambaye makala haya yamemtegemea zaidi, alikwenda kwa wazee wenyewe, akayaandika waliyoyanena, akayachapisha 1973 na 1974. Na kitabu chake cha kwanza alikikomesha 1906, kana kwamba tarikhi nzima yaweza kutimia kabla Mwingereza hajafika. Nami nasema alifanya vyema, kwa kuwa kauli ya mzee ni hujja hata pale isipoafikiana na ramani ya mwanachuoni.

Mjini Embu iko hoteli kongwe iitwayo Izaak Walton, kwa jina la Mwingereza aliyezaliwa Stafford 1593, akatunga kitabu cha uvuvi wa ndoana 1653, akazikwa katika kanisa kuu la Winchester. Nyumba yake ndogo ya Shallowford, karibu na Stafford, imehifadhiwa na watu wa kwao kuwa makumbusho, nao hawaoni haya kumtukuza mvuvi. Jina lake lapita vinywani mwetu kila siku, lakini jina la Ciurunji watoto wangapi wa Karurumo walijua?

Yaliyoufuata mji baada ya 1906 yajulikana: vijiji vya Hali ya Hatari katika miaka ya hamsini, makao makuu ya Mkoa wa Mashariki baada ya uhuru, kisha kaunti mwaka 2013. Basi katika sherehe yoyote ya kuadhimisha miaka hii 120, kabla ya hotuba na ngoma, vitabu vya Mwaniki na vichapwe upya, vigawiwe shule zote kuanzia Runyenjes hadi Karurumo, na wazee waliosalia wahojiwe mwaka huu huu.