Ripoti ya Gharama na Ujazo wa Vyombo

Ripoti ya gharama na ujazo wa vyombo ni kazi ya hesabu ambayo mwanafunzi hupima vyombo viwili au zaidi, hukokotoa ujazo wake, huuoanisha na bei, kisha hueleza kwa maandishi ni chombo kipi kinampa mnunuzi zaidi kwa fedha ileile. Nchini Uganda kazi za namna hii zilipata uzito mpya mwaka 2020, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza katika kidato cha kwanza. Mtaala huo unadai miradi na kazi za vitendo, na alama zinazokusanywa shuleni huchangia asilimia 20 ya matokeo ya UCE, mtihani wa mwisho wa sekondari ya chini.

Bwesumbu, kaunti ndogo ya milimani katika Wilaya ya Kasese, haina haja ya mifano ya kubuni. Maharage hupimwa kwa kikombe cha tumpeco, chombo cha nusu lita hivi ambacho Uganda nzima inakijua. Karanga huuzwa kwa kopo. Mawese kutoka Kongo huvuka mpaka wa Mpondwe, karibu na Bwera, yakiwa ndani ya jerikani za lita 20. Bei hutajwa kwa chombo, na vyombo havilingani. Ndiyo maana ripoti nzuri haianzi na bei. Huanza na rula.

Kopo la mviringo ni mcheduara: ujazo wake ni π mara nusu kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, mara kimo. Vipimo vichukuliwe ndani ya chombo, maana unene wa bati au plastiki hauuzwi. Chukua kopo jembamba lenye nusu kipenyo cha sentimita 4 na kimo cha sentimita 10. Kwa π ya 3.14, ujazo wake ni sentimita za ujazo 502.4. Kopo pana lenye nusu kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha sentimita 6.4 lina 502.4 vilevile. Macho hayakubali. Wengi huona lile refu ndilo kubwa, kwa kuwa jicho hufuata kimo na kusahau kwamba kipenyo huingia katika hesabu mara mbili.

Sokoni, hata hivyo, maharage hayakatwi usawa wa ukingo. Muuzaji humimina mpaka kichuguu kisimame na punje zianze kuporomoka. Watu wa pwani walitenganisha zamani kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu, na kibaba cha tele. Uingereza nayo iliondoa kipimo cha kichuguu kwa sheria katika miaka ya 1830. Sababu inaonekana kwenye makopo yetu mawili. Kichuguu kina umbo la pia, na ujazo wa pia ni theluthi moja ya mcheduara wenye kitako na kimo hichohicho. Tuseme punje husimama kwa kimo cha nusu ya nusu kipenyo: sentimita 2 juu ya kopo jembamba, 2.5 juu ya pana. Kichuguu cha kwanza kina sentimita za ujazo 33.5, cha pili 65.4, karibu mara mbili. Kama kila kopo linauzwa shilingi 1,500, lita moja ya maharage kwa kopo jembamba inagharimu takriban shilingi 2,799, na kwa kopo pana shilingi 2,642. Tofauti ni shilingi 157 kwa lita, kati ya vyombo ambavyo fomula ya kitabuni ilisema ni sawa. Mwanafunzi anayeacha kichuguu nje ya ripoti yake ameandika juu ya soko ambalo halipo.

Kitako nacho kikaguliwe. Kopo jembamba likigongwa chini hadi kitako kiinuke kama kuba kwa sentimita 1, hupoteza sentimita za ujazo 25 hivi, yaani sehemu moja ya ishirini, na kwa juu hakuna kinachoonekana. Hapo maji ndiyo shahidi bora kuliko fomula: jaza chombo, mimina kwenye chupa yenye alama, soma. Njia hiyohiyo hutumika kwa jerikani, ambayo mbavu zake na mshikio wake havina fomula ya darasani. Mizani nayo inafaa: kila lita moja ya maji huongeza kilo moja.

Mashaka haya yamewahi kuzaa kitabu kizima. Mwaka 1613, mjini Linz, mwanafalaki Johannes Kepler alinunua divai ya nyumbani baada ya kuoa. Muuzaji alitumbukiza fimbo kwa mshazari kupitia tundu la pipa, akatoza bei kwa urefu uliolowa, bila kujali umbo la pipa. Kepler hakuridhika, na mwaka 1615 alichapisha utafiti wake juu ya ujazo wa mapipa, kazi inayohesabiwa miongoni mwa zilizotangulia kalkulasi.

Ripoti ikihusu bei ya vyombo vyenyewe, hoja hubadilika. Jerikani ambayo kila kipimo chake ni mara mbili ya nyingine ya umbo hilohilo hubeba mara nane, lakini kwa unene uleule hutumia plastiki mara nne tu. Kwa hiyo chombo kikubwa huwa nafuu kwa kila lita. Milimani hesabu hiyo haitoshi. Jerikani ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa zaidi ya kilo 20, na mtoto anayepanda mteremko kutoka mtoni huenda asiweze kuibeba. Anayelipa bodaboda huongeza nauli juu ya bei. Jedwali la Bwesumbu linahitaji safu ya usafirishaji kando ya safu za ujazo na bei. Kwa mawese kuna safu nyingine tena, ya uzito: lita 20 zake ni kilo 18 hivi, kwa hiyo bei ya kilo isilinganishwe na bei ya lita kabla ya kubadilishwa.

Hitimisho la ripoti hutaja bidhaa, namna ya kujaza na kizio. “Kopo pana ni nafuu” ni sentensi pungufu. “Kwa maharage makavu yaliyomiminwa na kichuguu, bila kushindiliwa, kopo pana hupunguza gharama kwa shilingi 157 kwa kila lita” inaweza kupimwa upya na mtu mwingine siku ya soko.