Picha Iliyotikisika

Katika maboma mengi ya Kisii na Nyamira kuna sanduku la bati. Chini ya vyeti vya ubatizo, risiti za majani chai na hati ya shamba, utakuta bahasha ya picha. Mimi hupiga picha kwa kupenda tu, wala silipwi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiomba ruhusa kwa jamaa na majirani nifungue bahasha hizo, nizinakili picha kwa simu kabla unyevu na mende hawajazimaliza. Kazi hiyo ndiyo iliyonibadilisha. Nilipoanza kushika kamera nilitaka kila picha iwe safi, imenyooka, kama ya jarida. Sasa sihangaiki tena, na sababu yake imo ndani ya bahasha zile.

Humo kuna picha za aina mbili. Za kwanza zilitoka studio. Mtu alioga, akaazima tai, akashuka mjini. Akasimamishwa mbele ya pazia lililochorwa maua, ngazi au ndege, akaambiwa asicheke wala asipepese macho. Ukali huo ulikuwa na hesabu yake. Filamu ya milimita 35 ilitoa picha 36 tu, na ile pana ya namba 120, kwenye kamera za picha za mraba, ilitoa 12. Kila mfyatuo ulikuwa pesa. Basi mpigapicha hakuacha jambo lolote lijiendee, na picha ikatoka kamili.

Lakini hebu itazame tena picha hiyo. Huwezi kujua kama ni Kisii, Mwanza au Kampala. Hakuna kilima, hakuna matope, hakuna jirani. Kilichoondolewa ili picha ipendeze ndicho tunachokitafuta leo.

Aina ya pili ni zile za uani. Labda kijana amerudi kutoka Nairobi na kamera ya kuazima, akapiga bila kupima mwanga. Mjomba amekatwa kichwa, kidole cha mpigapicha kimeziba pembe, mtoto amekimbia akageuka ukungu. Nyuma yao, bila mtu kukusudia, kuna nyumba ya nyasi, ghala la wimbi, na mteremko ambao leo umejaa mikaratusi na chai. Mzee mmoja aliitazama picha ya namna hiyo kwa muda, asiseme neno juu ya watu waliomo. Akagusa pembeni kwa kidole: "Hapo ndipo njia ya kwenda mtoni ilipita, kabla hawajapima mashamba." Njia hiyo haipo tena. Imebaki kwenye picha ambayo studio ingeitupa.

Wazo la kwamba mtu wa kawaida anaweza kupiga picha lina tarehe. Mwaka 1888, George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak iliyokuja na filamu ya picha 100 ndani yake. Ukizimaliza, unairudisha kamera nzima kiwandani, wao wanasafisha picha na kukujazia filamu nyingine. Wenye ujuzi waliwacheka hao wapigapicha wapya, lakini hao ndio walioleta birika la jikoni na mbwa wa nyumbani katika historia.

Hata kipimo cha "picha nzuri" kina mahali kilipozaliwa. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafisha picha za rangi zilisawazisha mitambo kwa kadi ya picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikiwa sawa, basi rangi ni sawa. Ndiyo maana katika picha nyingi za harusi za zamani shela inang'aa huku uso wa bibi harusi umezama gizani. Mpigapicha alilaumiwa, kumbe mambo yalianzia mbali. Watafiti wa historia hiyo wanasema Kodak ilianza kuboresha filamu kwa rangi za kahawia baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani. Ati kabati lilisikilizwa kabla ya uso wa mtu! Tangu nisome hayo, nikiambiwa picha yangu "haina ubora", huuliza kwanza: ubora wa nani?

Majirani zetu Waluo wana mfano wao. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alizunguka kwao na kamera. Hakuwa mpigapicha wa studio. Picha zake zilihifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Mwaka 2007 nakala zake zilirudishwa Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kukumbuka zamani, na watu wakazitazama wakitafuta sura za wazee wao. Mtu anayemtafuta babu yake haulizi kama upeo wa macho umenyooka. Huuliza: huyu ni nani, na hapa ni wapi?

Nililiona hilo nyumbani pia, upande wa Nyamira. Magokoro, yaani nyanya yangu, hakupenda kupigwa picha bila maandalizi. "Ngoja kwanza, omochokoro, nibadilishe kitambaa." Siku moja nilifyatua akiwa bado anageuka, moshi wa jikoni mbele yake, mkono umetikisika, mdomo wazi kwa kicheko. Alipofariki, kijikaratasi cha ratiba ya mazishi kilichapwa picha ya kitambulisho iliyokuzwa: uso mbele, macho makavu. Ilikuwa sahihi kabisa. Lakini jioni, watu walipobaki wachache, iliyopita mkono hadi mkono kwenye simu ni ile ya moshi. Shangazi akasema, "Huyu sasa ndiye mama."

Sisemi tupige ovyo. Bado najifunza mwanga, bado nasubiri mvua ya alasiri ipite na ukungu uinuke kwenye ukingo wa Manga. Ila leo simu inatupa picha 40 za jambo moja, na tabia ya wengi wetu ni kubakiza moja iliyo laini na kufuta 39. Tunajirudisha studio kwa hiari, tunalivuta pazia wenyewe. Mimi sifuti nikiwa bado pale nilipopigia. Nikifika nyumbani naandika jina la kila mtu, kijiji, mwaka, na ni nani aliyeshika kamera. Picha kali isiyo na majina itakuwa bubu baada ya vizazi viwili. Iliyotikisika yenye majina itaendelea kuzungumza.

Kwa hiyo, ikiwa kwenu lipo sanduku kama hilo, lifungue wakati wanaozijua sura zile bado wapo. Kaa nao, uliza, andika nyuma kwa penseli. Na Jumapili hii mkikaa uani, piga tu, hata kama mtoto hatulii.